Kumwajiri profesa mwandamizi wa uhandisi tiba, hatua kwa hatua

Wakuu wa idara wanaotafuta profesa wa uhandisi tiba kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale: tutangaze wapi, tuulize nini kwenye usaili, tumpe nini ili akubali. Swali la tatu karibu kila mara huja mwisho, miezi ikiwa imeshapita na mtu ameshapatikana, na hapo ndipo mambo huharibika. Profesa wa ngazi hii anahama pamoja na watafiti, wanafunzi wa uzamivu, mashine, sampuli, ruzuku na mikataba ya hospitali. Kama hujui utampokelea wapi, bado hujawa tayari kutangaza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mambo ambayo wengi huyaacha mwisho.

Kabla hujaanza, uwe na haya mkononi

- Kibali cha maandishi cha nafasi yenyewe, kinachotaja ngazi, kiwango cha mshahara na fedha zinatoka wapi. Uliza waziwazi kama ni fedha za kudumu au za mradi utakaokwisha.
- Fungu la kuanzishia maabara, lililotengwa mbali na mshahara.
- Chumba chenye namba mlangoni. Ahadi ya "tutatafuta nafasi" haihesabiki.
- Hospitali iliyokubali kushirikiana, nayo kwa maandishi.
- Mtu mmoja wa ofisi ya utumishi atakayewashughulikia waombaji tangu mwanzo hadi mwisho.
- Muda. Hesabu mwaka mmoja au zaidi tangu kibali kitoke mpaka mtu aingie kazini. Ukitaka mtu muhula ujao, tafuta mhadhiri wa muda kwanza, halafu urudi kwenye kazi hii kwa utulivu.

1. Amua unamtafuta mhandisi wa aina gani

Uhandisi tiba ni uwanja mpana. Anayechakata picha za MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili), anayebuni viungo bandia, anayekuza tishu kutoka kwenye seli, anayesoma ishara za ubongo na anayetengeneza pampu za dawa wote wanaitwa wahandisi tiba, lakini vyumba vyao, mashine zao na hata mikutano wanayohudhuria ni tofauti. Andika ukurasa mmoja tu unaojibu haya: ni kazi gani idara haiwezi kuifanya leo? Nani ndani ya chuo atafanya kazi na mtu huyu kila wiki? Atafundisha nini, katika ngazi ipi?

Jihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kutafuta nakala ya profesa aliyestaafu, eti kwa sababu mashine zake bado zipo. La pili ni kutangaza kwamba mnakaribisha "fani yoyote ya uhandisi tiba". Tangazo la namna hiyo linaleta waombaji msioweza kuwalinganisha, na jopo linaishia kuhesabu machapisho kwa sababu halina kipimo kingine. Mimi napendekeza mtaje maeneo mawili au matatu yanayopakana.

2. Kakague chumba kwa futi ya kupimia

Usikague kwenye ramani ya jengo. Nenda mwenyewe, ukiwa na fundi umeme na fundi sanifu wa maabara.

Anza na mlango. Kabati la usalama wa kibayolojia, lile la kufanyia kazi za seli, lina kina kinachokaribia sentimita 80 na halikunjiki. Mlango wa kawaida wa ofisi utalipitisha kwa shida au hautalipitisha kabisa, na kona ya korido inaweza kulikwamisha hata kabla halijafika mlangoni. Pima mlango, pima korido, pima na lifti.

Kisha umeme. Friji inayogandisha hadi nyuzi 80 chini ya sifuri hutoa joto jingi chumbani na haitakiwi kuzimika. Ikizimika usiku kucha bila mtu kujua, sampuli zilizokusanywa kwa miaka zimekwisha. Uliza jenereta inalisha soketi zipi hasa, na kengele ya friji inampigia nani simu saa tisa ya usiku.

Angalia pia hewa. Naitrojeni ya maji ikichemka hujaza chumba gesi na kusukuma oksijeni nje, na mtu anaweza kuzimia bila kusikia harufu yoyote. Chumba cha kazi hiyo kinahitaji uingizaji hewa na kipima oksijeni chenye kengele. Hadubini kali haziwezi kuwekwa karibu na lifti au feni kubwa kwa sababu ya mtetemo. Ukitafuta mtu wa MRI, jua kwamba sumaku yake inataka chumba kilichokingwa dhidi ya mawimbi ya redio na sakafu inayobeba tani kadhaa. Hilo haliamuliwi na mkuu wa idara peke yake.

Mwisho andika orodha mbili: vilivyopo leo, na vitakavyokuwepo ifikapo tarehe fulani, kila kimoja kikiwa na jina la aliyeahidi na saini yake. Orodha hizi mbili ndizo utakazomwonyesha mwombaji. Profesa mzoefu ataziamini kuliko kijitabu chochote cha rangi cha chuo.

3. Malizana na hospitali kabla ya tangazo

Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT, inayotumia eksirei kuonyesha mwili vipande vipande, alipigwa mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Godfrey Hounsfield, aliyeibuni mashine hiyo, alikuwa mhandisi wa kampuni ya EMI. Aliyemfungulia mlango wa wodi alikuwa daktari wa radiolojia, James Ambrose. Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack. Mpaka leo kazi hii inahitaji watu wa pande zote mbili, na mgombea mzuri atakuuliza jina la daktari wake kabla hajauliza mshahara.

Kwa hiyo pata makubaliano yanayosema: atafikiaje data za wagonjwa, ombi lake litapita kamati ipi ya maadili ya utafiti, madaktari watatengewa saa ngapi za kushirikiana naye, na uvumbuzi utakaozaliwa wodini utakuwa wa nani. Kama ataajiriwa na pande zote mbili, andikeni nani anamlipa kiasi gani, nani anampima kazi yake na nani anampa likizo. Profesa mwenye mabosi wawili wasiozungumza huchoka mapema.

4. Unda jopo

Watu watano hadi saba wanatosha. Lazima awemo daktari anayehudumia wagonjwa, mtaalamu wa eneo husika kutoka nje ya chuo, mtu wa idara jirani, na mtafiti kijana ambaye ataishi na uamuzi huu kwa muda mrefu kuliko nyote. Wanawake wawepo tangu mwanzo na wawe na sauti. Kumwongeza mmoja siku ya usaili ili picha ya pamoja ipendeze hakusaidii kitu.

Kila mjumbe aandike mgongano wa maslahi. Kwenye fani hii usiishie kuuliza nani ni ndugu au nani alikuwa msimamizi wa nani. Uliza kuhusu hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) za pamoja, hisa kwenye kampuni za vifaa tiba, ushauri wa kulipwa na makala walizoandika pamoja miaka ya karibuni.

5. Andika tangazo

Fupisha. Sifa za lazima ziwe nne au tano, nyingine ziitwe za nyongeza. Omba wasifu, mpango wa utafiti, maelezo ya ufundishaji na malezi ya wanafunzi, na kazi tano alizozichagua mwenyewe, kila moja na aya inayoeleza yeye alifanya nini hasa. Hilo la kazi tano ndilo litakalokusaidia kuliko yote.

Weka ahadi ya usiri. Waombaji wa ngazi hii wana ajira, na mwajiri wao akisikia mapema wanaumia. Tamka wazi kwamba wadhamini hawatapigiwa simu bila mwombaji kuambiwa kwanza.

6. Watafute, usiwasubiri

Profesa aliyetulia kazini kwake hasomi matangazo ya kazi. Inabidi mtu amfuate. Orodhesha watu kwa kupitia wahariri wa majarida ya eneo lenu, wazungumzaji wakuu wa mikutano, na viongozi wa vyama vya kitaaluma, ikiwemo IFMBE, shirikisho la kimataifa la uhandisi tiba lililoanzishwa 1959. Halafu wajumbe wagawane majina na wapige simu.

Simu ya kwanza isianze na "unataka kazi?" Mweleze nafasi, mtumie ule ukurasa mmoja, kisha uliza: "Kwa maoni yako, nani anaifaa?" Asiyetaka atakupa majina mazuri. Anayetaka ataanza kukuuliza kuhusu chumba.

Angalia orodha isijae marafiki wa wajumbe na waliosoma vyuo vilevile. Ikiwa hivyo, ongeza muda wa kutafuta kabla ya kufunga.

7. Soma kazi zenyewe

Fahirisi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, inahesabu makala na mara zilivyonukuliwa. Haikuambii kama kifaa kinafanya kazi. Anayeandika programu za kuchambua picha anaweza kutoa makala nyingi kwa mwaka, wakati mwenzake anayepima kipandikizi kinachowekwa mwilini lazima asubiri majaribio ya wanyama na wagonjwa yaishe. Ukiwapanga kwa namba hiyo, unampendelea mmoja kwa sababu ya aina ya kazi yake. Azimio la San Francisco la 2012, maarufu kama DORA, linataka vipimo vya jarida, yaani namba zinazoonyesha makala zake hunukuliwa kiasi gani, visitumike badala ya kuipima kazi ya mtafiti mwenyewe. Lisomeni pamoja kabla ya kufungua bahasha ya kwanza.

Wagawieni wajumbe zile kazi tano, kila kazi isomwe na watu wawili. Ukisoma, tafuta haya:

- Je, kifaa au nyenzo iliishia benchi la maabara, ikafika kwa wanyama, au imefika kwa wagonjwa? Kila daraja lina ugumu wake, na mwombaji mkweli husema wazi alipofika.
- Hataza zimetolewa au bado ni maombi? Kuna aliyenunua leseni?
- Anazifahamu kwa vitendo kanuni za vifaa tiba, kama ISO 13485 ya mifumo ya ubora, ISO 14971 ya usimamizi wa hatari na ISO 10993 ya namna nyenzo inavyopatana na mwili? Si lazima awe bingwa, ila asiwe mgeni.
- Kuna makala iliyoondolewa au kusahihishwa, na ilikuwaje? Anayeondoa makala yake mwenyewe baada ya kugundua kosa ameonyesha uadilifu, usimhukumu kwa hilo.

Hakikisha pia namba yake ya ORCID, ile ya kimataifa inayomtambulisha kila mtafiti, maana majina hufanana na unaweza kumsifu mtu kwa kazi ya mwingine.

8. Usaili wa siku mbili

Saa moja mezani haitoshi. Waite watatu au wanne, kila mmoja kwa siku zake, na ratiba iwe hiyohiyo kwa wote.

Siku ya kwanza atoe mhadhara wa wazi, watu wote waje. Mchana fanyeni kikao cha ubaoni: hana slaidi, ana chaki au kalamu tu, na anaeleza atafanya nini miaka mitano ijayo. Hapa mtamfahamu kuliko mahali pengine popote. Muulize, "Wazo hili likishindikana mwaka wa pili, utafanya nini?" Mtu aliyekwisha kujenga maabara ana jibu tayari, tena mara nyingi ana majibu mawili.

Siku ya pili aende hospitali, akutane na mafundi sanifu wa maabara, kisha akae na wanafunzi wa uzamivu bila profesa yeyote chumbani. Baadaye waulize wanafunzi jambo moja: mngependa awasimamie? Waulize na mafundi aliwauliza nini. Mgombea aliyewapita mafundi kama samani amekuonyesha maabara yake itakavyokuwa.

Maswali yawe yaleyale kwa kila mgombea, na alama ziandikwe kabla ya kujadiliana. Usiulize ndoa, watoto wala umri. Akiyaleta mwenyewe, kwa mfano kwamba mwenzi wake anahitaji kazi, yaandike na uyashughulikie hatua ya kumi.

9. Piga simu kwa wadhamini, na uwasikilize

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hatua hii ikirukwa wagonjwa wanaweza kufa.

Mwaka 2010 Taasisi ya Karolinska ya Uswidi ilimwajiri daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini kama profesa mgeni. Alikuwa maarufu kwa kazi za kuunda upya koo la hewa. Mwaka 2011 alianza kupandikiza makoo ya plastiki yaliyopakwa seli za mgonjwa. Wagonjwa watatu aliowapandikiza katika hospitali ya Karolinska wote walifariki. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulieleza kwamba kabla ya kumwajiri, taasisi ilikuwa imepokea maoni mabaya kutoka kwa watu waliomjua na kulikuwa na taarifa zisizo za kweli kwenye wasifu wake, lakini wakaendelea. Mwaka huohuo makamu mkuu wa taasisi alijiuzulu na Macchiarini alifukuzwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Uswidi ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Onyo lilikuwa limeshafika mezani. Basi fanya hivi:

- Piga simu, usitegemee barua. Barua za sifa zinafanana zote.
- Usiishie kwa wadhamini aliowataja. Mwambie mgombea kwamba utazungumza na wengine, ikiwemo waliowahi kuwa wanafunzi wake na mkuu wake wa sasa au wa zamani, kisha pata ridhaa yake.
- Uliza maswali yanayohitaji tukio: "Nieleze mara moja ambapo matokeo hayakuja alivyotarajia. Alifanya nini?" "Wanafunzi wangapi walimwacha katikati, na kwa nini?" "Ungemwajiri tena?" Ukimya baada ya swali la mwisho ni jibu, uandike.
- Thibitisha shahada na vyeo kwa vyuo vyenyewe. Umaarufu wa mtu usikufanye uone aibu kuhakiki.
- Uliza kama kuna uchunguzi wa maadili uliofanyika au unaoendelea, na uombe jibu la mgombea mwenyewe kwa maandishi.

Ukipata maoni mabaya kutoka kwa mtu mmoja, tafuta mtu wa pili asiyehusiana naye. Yakifanana, simamisha mchakato mpaka upate maelezo, hata kama makamu mkuu wa chuo ameshampenda.

10. Ofa na mapatano

Anza na simu, kisha barua. Rudi kwenye zile orodha mbili za hatua ya pili na usiahidi kisichokuwemo. Barua itaje kila jambo linaloweza kugombaniwa baadaye: ukubwa wa maabara, fungu la kuanzishia na muda wa kulitumia, saa za kufundisha kwa miaka miwili ya mwanzo, idadi ya wanafunzi wa uzamivu wanaofadhiliwa, fundi sanifu mmoja au wawili, na nani anagharamia matengenezo ya mashine. Hilo la matengenezo husahaulika sana. Mashine kubwa bila mkataba wa matengenezo huja kuwa kabati la kuwekea vitabu.

Muulize anakuja na nini. Mashine zilizonunuliwa kwa ruzuku mara nyingi ni mali ya chuo anachotoka. Ruzuku haihamishwi bila idhini ya mfadhili. Sampuli za binadamu zinahitaji mkataba wa kuzihamisha, na ridhaa za wagonjwa lazima ziruhusu. Hataza zina wamiliki. Wanafunzi wake nao wana haki ya kuchagua kumfuata au kubaki wamalize kule.

11. Mwandalie mapokezi tangu siku aliposaini

Agiza mashine mapema kwa kushauriana naye, kwa sababu nyingine huchukua miezi mingi kufika. Anza maombi ya kamati ya maadili, maana kibali alichonacho kule hakifanyi kazi hapa. Mpangie mtu wa kumsaidia manunuzi mwaka wa kwanza. Na kikao chake cha kwanza na madaktari kiwe kwenye kalenda kabla hajafika.

Mambo yakikwama

*Waombaji ni wachache au hawafai.* Rudi hatua ya sita, mara nyingi hamkupiga simu za kutosha. Kama mlipiga na watu wakakataa, uliza sababu. Ikiwa ni chumba au hospitali, kutangaza upya hakutabadilisha kitu.

*Mgombea anataka zaidi ya mlicho nacho.* Mwombe apange mahitaji yake kwa uzito: ya lazima siku ya kwanza, ya mwaka wa pili, ya kutumia kwa pamoja na idara nyingine. Hadubini ya pamoja iliyo karibu humtosha mtu kuliko ya kwake itakayokuja baada ya miaka mitatu.

*Jopo limegawanyika katikati.* Msipige kura ya haraka. Rudini kwenye ule ukurasa mmoja na alama zilizoandikwa kabla ya mjadala. Bado mkigawanyika, mwiteni kila mgombea kwa kikao kimoja zaidi cha ubaoni, juu ya hoja ileile mnayobishania.

*Chuo chake kimempandishia mshahara abaki.* Mpe siku chache, usimwombe kwa machozi wala usipandishe dau mara mbili. Huku ukisubiri, usimkatae mgombea wa pili kabla wa kwanza hajasaini.

*Ana kampuni yake.* Si tatizo, tena kwenye fani hii ni jambo la kawaida. Andikeni saa ngapi kwa wiki atazitumia huko, wanafunzi gani hawataifanyia kazi, na nani mwingine atasimamia majaribio ya kifaa kinachouzwa na kampuni hiyo. Akikataa kuandika, msimwajiri.

*Hospitali imegeuka baada ya ofa kutoka.* Mwambie profesa siku hiyohiyo, kabla hajaacha kazi yake. Mpe nafasi ya kujitoa bila lawama, au muda uliotajwa kwa tarehe wa ninyi kupata hospitali nyingine.